Barua kutoka Singida: Ghorofa Linaanzia Korongoni

Dada yangu mpendwa,

Barua yako kuhusu lile ghorofa linalopanda ubavuni mwa nyumba yenu Upanga nimekuja nayo huku, nami naona naweza kuijibu vizuri zaidi nikiwa Singida kuliko ningekuwa Dar es Salaam. Unalalamikia vumbi la saruji kwenye nguo ulizoanika, mashine ya zege inayonguruma mpaka usiku wa manane, na maji yanayovutwa kutoka kwenye shimo la msingi na kuachwa yatiririke barabarani. Una haki kwa yote hayo. Ila huku, karibu kilomita 700 kutoka kwenu, nimeona upande wa habari ambao jirani wa jengo haufikii kwa macho.

Nilikuja kwa treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha nikapanda basi. Ukishapita mabonde ya Bahi, barabara inapanda kuelekea Manyoni, na baada ya hapo ni nchi kavu, vichaka, mashamba ya alizeti na miamba. Miamba ya Singida ni ya graniti, mikubwa, mingine imekaa juu ya mwenzake kana kwamba iliwekwa kwa mkono. Pimbi wanaishi kwenye nyufa zake, na watoto huchungia mbuzi kivulini mwake. Mgeni huipiga picha. Mwenye shida ya hela huiona kokoto.

Nje kidogo ya mji nilikaa na kinamama wanaogonga kokoto. Huwashwa moto juu ya jabali mpaka lipasuke, vipande hung'olewa kwa nyundo kubwa, kisha kila mmoja huchukua fungu lake na kuligonga kwa nyundo ndogo kutwa nzima. Kokoto hupimwa kwa ndoo, na rundo likitosha tipa huja kulizoa. Graniti ina madini ya silika. Vumbi lake likivutwa kwa miaka huyakakamaza mapafu na kuyatia makovu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Kinga yake haina gharama kubwa: mawe yamwagiwe maji kabla ya kugongwa, mgongaji akae upande upepo unakotoka, na apewe barakoa ya kweli badala ya kitenge mdomoni. Sikuona hata moja ya hizo. Mama mmoja aliniambia kwamba tangu aanze kazi hiyo hakuna mnunuzi aliyewahi kumuuliza habari ya kifua chake. Huuliza tu kama kokoto ni za nusu inchi.

Mchanga wa kujengea ndio ulionisumbua zaidi. Huku mito mingi ni makorongo: masika hubeba maji kwa kishindo, kiangazi hubaki mchanga mtupu. Lakini mchanga ule si mtupu. Maji ya mvua hujificha chini yake, jua lisiyafikie, na mwezi wa tisa au wa kumi, visima vinapokauka, watu huchimba korongoni kwa mikono na kupata maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo. Korongo lenye mchanga ni tangi la kijiji. Tipa zikiuzoa mpaka kwenye mwamba, mvua inayofuata hupita bila kusimama. Kingo hubomoka, miti iliyozishikilia huanguka, na shamba la mtu huingia korongoni kipande kwa kipande. Nilisimama kwenye ukingo wa namna hiyo nikaona mizizi ya mti ikining'inia hewani.

Si Singida peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Na mchanga wa jangwani haufai kwa zege, kwa sababu upepo umeuviringisha mno, haushikani. Ndiyo maana mito inaandamwa. Huko kwenu umeyaona makovu ya Mto Mpiji na ya mto wa Tegeta.

Sasa nikupeleke kwenye maziwa, maana hapa ndipo Singida inatofautiana na Dar. Mji huu umekaa kati ya Singidani na Kindai. Ni maziwa ya magadi, heroe hushuka hapo kwa makundi, na jioni watu hutembea kando yake kupunga upepo. Maziwa haya hayana mto wa kutokea. Kinachoingia hakitoki isipokuwa maji yenyewe, yanayopanda hewani kama mvuke. Uchafu wa Upanga huishia baharini, na bahari imetuzoesha vibaya kudhani kwamba umekwisha. Hapa, maji ya kuoshea mashine ya zege, ambayo ni makali kiasi cha kuchubua ngozi ya mikono ya saidia fundi, mafuta yanayovuja kwenye jenereta, na udongo wa shimo la msingi ulioachwa wazi masika, vyote huteremka na mtaro mpaka ziwani na kukaa humo. Na jengo likishahamiwa, choo chake nacho ni suala. Ghorofa la familia 40 haliwezi kutegemea shimo lililochimbwa kwa akili ya nyumba moja.

Mji bado ni mfupi. Nyumba nyingi ni za chini, na yale maghorofa machache utayahesabu ukiwa umesimama kilimani. Lakini hoteli, benki na ofisi zinapanda, viwanja vya karibu na maji vinatamaniwa kwa ajili ya mandhari, na Dodoma kuwa makao makuu kumeisogeza Singida karibu na fedha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni mwendo mfupi tu wa mtu mzima, na mimi naamini kwamba kwa ziwa lisilo na mlango ni kidogo mno. Hata hizo chache lazima zilindwe kwa vigingi vinavyoonekana, si kwa mstari wa kwenye ramani ya ofisini.

Upepo nao una neno lake. Singida inajulikana nchi nzima kwa upepo, mpaka kwa miaka mingi imezungumzwa mipango ya kuzalisha umeme kwa mitambo ya upepo. Kwenye jengo refu, upepo huu hubeba vumbi mpaka mitaa ambayo haijui hata kama kuna ujenzi. Vilevile hukausha zege kabla halijakomaa. Zege linataka kumwagiliwa angalau wiki nzima. Likikauka upesi hupata nyufa, na jengo lenye nyufa hubomolewa au kurekebishwa mapema, yaani mchanga, kokoto na saruji vinachimbwa mara ya pili. Fundi wa huku hufunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa, na hivyo huokoa maji mengi kuliko anayemwagilia kwa mpira katikati ya jua kali, katika mji ambao maji yake hutoka kwenye visima virefu na watu huyatunza.

Kuhusu saruji nitasema machache. Uzalishaji wake duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu, kwa sababu mawe ya chokaa yakichomwa huitoa hewa hiyo hata kama moto wenyewe ungekuwa wa umeme wa maji. Saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano, kama inayotengenezwa upande wa Mbeya, hupunguza sehemu ya mzigo huo. Mchoraji anaweza kuitaja kwenye michoro yake tangu siku ya kwanza.

Na mfano wa kujenga kwa busara hauko mbali, dada: kumbuka Soko la Kariakoo, ulikokuwa ukinipeleka kununua dagaa. Mzee Beda Amuli alilichora miaka ya sabini lenye paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili mvua ya paa zima ikusanywe na kuhifadhiwa ardhini. Soko lile liliungua Julai 2021, lakini wazo halikuungua. Mtanzania aliwahi kujenga jengo kubwa linalokusanya mvua yake mwenyewe badala ya kuimwaga kwa jirani. Na hapa Singida wazee wa Kinyaturu walijenga tembe zenye kuta nene za udongo, mchana baridi, usiku joto. Sisemi tupandishe tembe ghorofa kumi. Nasema kuta za vioo zinazokodolea jua la magharibi, kisha kupozwa kwa viyoyozi kutwa, hazikuzaliwa kwa hali ya hewa yetu.

Narudi kwako. Mradi mkubwa kama huo hautakiwi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na cheti kinachotokana nayo, na sheria inataka majirani washirikishwe. Ndani ya tathmini hiyo kuna mpango unaoeleza kila athari itapunguzwaje, na nani, kwa fedha gani. Nenda serikali ya mtaa, kisha ofisi ya taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, uombe kuuona. Usiishie kwenye vumbi na kelele. Uliza maji ya kuoshea mashine yanakwenda wapi, na ya kwenye shimo yanachujwa wapi kabla ya kuingia mtaroni. Uliza tipa zinafunikwa turubai tangu zinakotoka au zikikaribia mjini tu. Uliza mbao na mirunda ya kushikilia zege itatumika mara ngapi, au kama watatumia ya chuma. Na swali ambalo hawalitegemei: mchanga wenu mnautoa korongo gani, na mna kibali cha huko? Wasipoweza kulijibu, liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba hawakuweza.

Ukiupata mpango huo, upige picha ukurasa kwa ukurasa unitumie kwa simu. Kuna kijana hapa anasimamia hoteli ya ghorofa nne inayojengwa kwenye mteremko wa Kindai. Ameniomba auone, kwa kuwa wa kwake bado haujaandikwa na msingi unachimbwa wiki ijayo.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako