Kopo la Mjini na Ulezi wa Darini

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa upande wa kusini-mashariki wa mlima Meru, mahali ambapo migomba imezunguka kila nyumba na maji ya mifereji hupita karibu na mlango. Mgeni akija kwetu hutazama huku na huku, asema, "Hapa njaa haijui njia." Mimi nami nalisema hivyo mbele ya darasa miaka mingi, hata njaa ilipoingia nyumbani mwangu mwenyewe, katika mwili wa mtoto wa miezi kumi na sita.

Mtoto huyo ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu wa pili, alipata kazi katika mashamba ya maua, akamwachisha ziwa mapema, akatuachia sisi kumlea. Tulimlisha uji mweupe wa mahindi asubuhi, ndizi mchana, na jioni uji tena. Alikula. Lakini haukupita wiki asiharishe siku mbili tatu, nasi tukasema ni meno. Nywele zake zikawa nyepesi na za rangi ya kutu, akawa mtoto wa kimya, akikaa alipowekwa. Kisha mashavu yake yakajaa, majirani wakanipongeza kwamba mtoto sasa amenenepa, nami nikafurahi.

Mama yangu mzazi hakufurahi. Ni mzee sana, haoni vizuri, lakini alimpakata mtoto, akabonyeza unyayo wake kwa kidole gumba, na alipoondoa kidole shimo likabaki. Akaniambia, "Mwanangu, huyu hakunenepa. Haya ni maji." Akaomba tumruhusu aoteshe ulezi, amfanyie mtoto uji wa kimea kama alivyotulea sisi. Nikamjibu kwa ukali usiomfaa mtoto kumjibu mama yake. Nalisema kimea ni kitu cha kutengenezea pombe, na uji uliochacha ni uji ulioharibika. Ndivyo nilivyofundisha watoto wa watu miaka thelathini, na niliona haya ya mwalimu kumnywesha mjukuu wake kitu cha vilabuni.

Basi nikapanda gari, nikaenda Arusha mjini, katika duka moja nikanunua kopo la unga wa virutubisho. Juu yake pana picha ya mtoto mnene anayecheka. Bei yake ilikula sehemu kubwa ya pensheni yangu ya mwezi ule. Muuzaji aliniambia kwamba husafisha tumbo na kuongeza damu, nami sikumwuliza neno la pili, maana maandishi yake yalikuwa mengi na madogo, na mtu aliyesoma hupenda kuamini maandishi. Tukampa mtoto asubuhi na jioni. Siku ya tatu akaharisha zaidi. Siku ya tisa miguu ilivimba hata magotini, hakutaka kufumbua macho. Tukamchukua hospitali.

Muuguzi alimfunga utepe wa kupimia mkono, ukasimama penye rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5. Akasema ni kwashakoo. Neno hili ndugu zetu wengi hulisikia wasijue limetoka wapi. Ni la lugha ya Waga wa Ghana, na daktari mwanamke, Cicely Williams, ndiye aliyelitia katika vitabu vya tiba mwaka 1935, kwa maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mwenzake anapozaliwa. Kwetu hakuzaliwa mwingine. Aliondolewa na kazi.

Nalitazamia kuona wakimletea sahani iliyojaa. Kumbe waliniletea kikombe kidogo cha maziwa mepesi, wakasema atapewa vile kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Nikakasirika, nikamwambia muuguzi, "Dada, mtoto amekonda kwa njaa, nanyi mnampimia chakula kwa vijiko?" Akanijibu kwa upole, "Baba Mwalimu, ukitaka kumwua, mshibishe leo."

Usiku ule, tulipokuwa tukikesha, alinieleza. Ndani ya utumbo wa mtoto mzima, alisema, pana vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vimesimama vingi kama nyuzi za mahameli, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula kukipeleka katika damu. Mtoto akimeza uchafu kila siku, hata kama hauharishi waziwazi, vinyweleo vile hulala na kukatika, mahameli yakawa kama turubai. Chakula hupita juu yake kikatoka. Tena ukuta wenyewe huwa na nyufa, vijidudu vikapenya kuingia mwilini, na nguvu ambazo zingemkuza mtoto zikatumika vitani. Kwa hiyo maziwa yale ya kwanza huwa na nguvu kidogo, kalori 75 kwa mililita 100, mpaka mwili urudi katika utaratibu wake. Kisha huja ya kalori 100, au ile siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, ambayo daktari Mfaransa André Briend aliibuni katika miaka ya 1990. Na dawa ya kuua vijidudu hutolewa hata kama mtoto hana homa, kwa sababu mwili uliodhoofika hivyo hauna nguvu ya kuwasha homa.

Uvimbe ukashuka. Siku ya sita aliomba kikombe kwa mkono wake, mke wangu akatoka nje kulia.

Tangu siku zile nimesoma mengi juu ya jambo hili, na moja lililonishangaza limefanyika si mbali na kwetu. Haydom, katika mkoa wa Manyara ambao hata mwaka 2002 ulikuwa sehemu ya mkoa wetu wa Arusha, pana hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Huko wataalamu waliwafuata watoto tangu kuzaliwa, wakipima kimo chao na kinyesi chao mwezi kwa mwezi, pamoja na wenzao wa nchi nyingine saba. Wakaona kwamba watoto hubeba vijidudu tumboni tangu miezi ya kwanza, na wengi hawaharishi. Kimoja, jina lake kampilobakta, ambacho hukaa sana katika mavi ya kuku, kilionekana kwenda pamoja na utumbo wenye uvimbe na kimo kifupi. Niliposoma hayo nilikumbuka jikoni kwetu, kuku wakilala chini ya kitanda cha mwanzi, na mjukuu wangu akitambaa hapo akitia vidole kinywani.

Basi wakafikiri, kama vijidudu ndivyo adui, na tuviue. Kati ya miaka 2017 na 2020, hukohuko Haydom, watoto 1,188 waligawanywa katika mafungu: wengine walipewa dawa za kuua vijidudu kwa nyakati zilizopangwa, wengine vitamini B3, wengine vyote viwili, na wengine vitu visivyo na dawa ndani yake. Walipofika miezi kumi na minane wakapimwa. Kimo chao hakikutofautiana. Nami nikalikumbuka kopo langu. Muuzaji alinihakikishia kwa neno moja kile ambacho watu wenye mizani na vitabu walikitafuta miaka mitatu wasikipate.

Wala usafi peke yake haukutosha. Magharibi ya Kenya, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, watoto waliopewa kila siku pakiti ndogo ya siagi ya karanga yenye madini walirefuka kidogo kuliko wenzao. Vyoo na sabuni havikuongeza kimo. Sisemi tuache vyoo! Nasema uchafu wa kijijini ni mwingi kuliko shimo moja la choo, na mtoto anayetambaa huonja yote. (Hapa kwetu Meru pana shida nyingine pia: maji ya chemchemi zetu nyingi yana floridi, ile itiayo meno rangi ya kahawia. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi.)

Habari iliyonifurahisha ilitoka Dhaka, nchi ya Bangladesh, mwaka 2021. Huko walitengeneza chakula cha watoto wadhaifu kwa kutazama ni vitu gani hulisha vijidudu vyema vya tumboni, maana viko vyema pia, na mtoto mwenye utapiamlo huwa na vile vya mtoto mdogo kuliko umri wake. Wakachagua dengu, soya, karanga, na ndizi mbichi. Watoto waliokula hicho kwa miezi mitatu waliongezeka uzito vizuri kuliko waliokula chakula cha kawaida cha pakiti, ijapokuwa chao kilikuwa na kalori chache. Ndizi mbichi! Nasi tumelala chini ya migomba. Walakini nisidanganye mtu: mjukuu wangu alikula ndizi kila siku akaugua. Alikosa karanga, maharage na maziwa.

Sasa nirudi kwa kimea, maana hapo ndipo ninapodaiwa. Siku ya kutuaga, muuguzi aliniuliza, "Je, nyumbani mna mtu ajuaye kufanya kimea?" Nikanyamaza. Akaeleza kwamba tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, na unga ukipikwa hunywa maji ukawa mzito, hivyo mama huongeza maji apate kuunywesha, na mtoto hushiba maji. Ulezi ukiota huwa na nguvu ya kukata ule uzito. Jambo hili lilichunguzwa na Taasisi yetu ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, na Mosha na mwenzake Svanberg waliliandika mwaka 1983. Wengine wakauita unga wa nguvu. Nayo togwa, uji uliochachushwa kwa kimea, ilichunguzwa hapa Tanzania katika miaka ya 1990, na watoto walioinywa walionekana kuwa na vijidudu vichache vya kuharisha katika kinyesi chao, kwa sababu vingi haviishi katika uchachu.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa ameketi penye jiko. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba ule ulezi." Hakunikumbusha maneno yangu. Alisema tu, "Uko darini, tangu ile siku nimeulinda na panya."

Tuliuloweka usiku mmoja, tukautandaza juu ya gunia bichi siku tatu mpaka ukatoa mikia, tukaukausha juani, tukausaga. Tulitumia ulezi, wala si mtama, maana miche ya mtama ina sumu. Mke wangu alipika uji mzito wa mahindi, maharage na karanga tulizochambua ili kuondoa zenye ukungu, akauacha upoe hata ukawa vuguvugu, akatia kijiko kimoja cha kimea akakoroga. Nilisimama nikitazama. Kwa muda wa kama dakika kumi ule uzito ulilegea, ukatiririka kama uji wa maji, wala hakuna tone lililoongezwa. Akaurudisha motoni hata ukachemka. Kuku walijengewa banda lao wiki ileile.

Mtoto yule sasa yuko darasa la pili, anasoma vizuri na kugombana na wenzake. Asubuhi watoto hupangwa mstari kwa kimo, wafupi mbele. Yeye husimama wa kwanza.