Mdogo Wangu na Keria ya Baiskeli

Kwa miaka 6 nilimbeba mdogo wangu Elia kwenye keria ya baiskeli kwenda kanisani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi ugonjwa wa macho ulipomwondolea nuru kidogo kidogo. Kila Jumapili nilimshika mkono hadi benchi la mbele, kisha nikaenda kukaa na wazee wenzangu wa kanisa. Washarika walinisifu. Nakiri kwamba nilizipenda zile sifa.

Jioni moja binti yangu alituwekea kwenye simu video ya mbio za baiskeli za Michezo ya Paralimpiki ya London, mwaka 2012. Elia akaomba nimsimulie. Nikamweleza nilichokiona: ukumbi mkubwa, njia ya mbao yenye mzunguko wa mita 250, na kona zilizoinuka kama ukuta, hadi nyuzi 42. Baiskeli moja ina viti viwili. Mbele ameketi Barney Storey, anayeona na kushika usukani. Nyuma ameketi Neil Fachie, mwenye uoni hafifu.

"Baiskeli hizo hazina breki," nilimwambia. "Na pedali haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka."

"Yule wa nyuma anafanya kazi gani, kaka?"

"Anakanyaga. Ana pedali zake, zimeungwa kwa mnyororo na zile za mbele."

Walizunguka mara 4, kilomita 1 kamili, kwa dakika 1 na sekunde 1.351, rekodi mpya ya dunia. Nilipomwambia kwamba wote wawili walivishwa medali ya dhahabu, Elia alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kaka, miaka yote hii umenipa keria. Pedali hujanipa."

Niliudhika. Nikahesabu moyoni safari zote, mvua na jasho. Lakini usiku usingizi haukuja, maana nilikuwa na siri.

Miaka 2 kabla ya jioni ile, Elia alikuwa ameomba kufundisha Shule ya Jumapili. Katika baraza la wazee ni mimi niliyesema, "Tusimchoshe, tumwombee tu." Hakuna aliyepinga, kwa kuwa mimi ni ndugu yake. Niliporudi nyumbani nilimwambia kwamba baraza halikuona nafasi. Nilimdanganya ndugu yangu, nikauita uongo huo huruma.

Nimewahi kuhubiri juu ya kuenenda kwa imani. Nilidhani imani ya mtu kama Elia ni kutulia na kubebwa. Lakini Fachie alijikabidhi kwa mwenzake kwenye kona zile bila breki, na bado miguu yake haikupumzika. Tumaini lake lilionekana katika kukanyaga. Naye wa mbele, pamoja na macho yake mazima, asingefika kwa wakati ule peke yake. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, juu ya viungo vya mwili mmoja. Usiku ule ndipo iliponisoma mimi.

Asubuhi nilimweleza Elia ukweli. Hakujibu haraka. Mwishowe akasema, "Nilijua, kaka. Siku ile sauti yako ilibadilika." Nikamwomba msamaha, kisha nikaenda kwa baraza nikaungama mbele ya wote. Hilo lilikuwa gumu kuliko safari zote za mvua.

Leo Elia anafundisha watoto wetu. Mmoja anasoma Biblia kwa sauti, naye anauliza maswali ambayo wakati mwingine sisi wazee tunayakimbia. Baiskeli ya viti viwili hatuna, kwa hiyo bado anapanda keria. Lakini tukifika siukamati tena mkono wake. Nasubiri auombe. Jumapili iliyopita hakuuomba. Watoto walikuwa wamekwisha kumpokea langoni.

Ndugu msomaji, huenda usharikani kwako yupo mtu mnayembeba kwa upendo wa kweli. Muulize kama anataka kukanyaga. Mimi nilichelewa kuuliza, na Mungu kwa rehema zake alimtumia Elia kuniuliza mimi.