Kijiji ambacho kengele ikilia kila mtu husimama

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, chini ya kilomita 100 mashariki mwa jiji la Bordeaux, kuna vilima vidogo vilivyojaa mizabibu na alizeti. Mgeni anayekuja kwa treni hushukia mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kisha humalizia safari kwa gari kwenye barabara nyembamba za vijijini. Huko ndiko iliko Plum Village, makazi ya watawa wa Kibudha ambayo kila kiangazi hupokea wageni wa mataifa mengi, wakiwamo wazazi wanaokuja na watoto wao.

Hakuna anasa ya kuifuata. Mgeni hula chakula kisicho na nyama, hulala mapema na hupangiwa zamu ya usafi au jikoni kama wengine. Kinachomshangaza siku ya kwanza ni kengele.

Ikilia, kila mtu huacha anachofanya. Anayekata karoti hutua kisu, anayesimulia hukatisha maneno, mtoto anayekimbia husimama. Wote huvuta pumzi taratibu mara tatu, kisha shughuli huendelea. Saa ya ukutani kwenye ukumbi wa chakula nayo hugonga kila baada ya dakika 15, na utaratibu ni huo huo. Hata simu ikiita, haipokewi mpaka mtu apumue kwanza.

Kwa mzazi aliyezoea kupika huku anajibu meseji na kumkemea mtoto kwa wakati mmoja, hilo ni somo gumu kuliko linavyoonekana.

Lilikozaliwa somo hili

Mwanzilishi wa kijiji hicho ni Thich Nhat Hanh, mtawa aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji wa Hue, Vietnam. Wakati wa vita, yeye na wenzake waliwafundisha vijana kwenda vijijini kujenga upya nyumba na shule zilizopigwa mabomu. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kuomba vita isimamishwe, na baada ya hapo hakuruhusiwa kurudi kwao kwa karibu miaka 40. Mwaka 1967 Martin Luther King alimpendekeza kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Akiwa uhamishoni, aliwaandikia barua ndefu wale vijana waliobaki Vietnam, akiwaeleza namna ya kutunza akili zao katikati ya hatari na uchovu. Barua ile baadaye ilichapishwa kama kitabu. Ndani yake alitoa mifano ya kawaida kabisa: kuosha vyombo, kunywa chai, kula chenza.

Mwaka 1982 yeye na mtawa mwenzake wa kike, Chan Khong, walianzisha kijiji nchini Ufaransa. Walipanda miti 1,250 ya plamu, tunda ambalo Watanzania wengi wanalijua kutoka Lushoto. Watoto walichangia fedha za kununua miche, na mauzo ya matunda yalikusudiwa kuwasaidia watoto wenye njaa Vietnam. Thich Nhat Hanh alifariki dunia Januari 22, 2022 mjini Hue, akiwa na miaka 95.

Historia hiyo ina maana kwa mzazi anayesema tafakuri ni ya watu wasio na shida. Iliyofundishwa kijijini hapo ilipitia kwanza mikononi mwa watu waliokuwa wanazika wenzao.

Kinachofundishwa

Jina lake ni tafakuri ya uzingativu. Maana yake ni kuwa na habari na unachokifanya wakati unakifanya, bila kujilaumu. Mtu huelekeza akili kwenye pumzi au hatua zake. Baada ya sekunde chache akili hukimbilia ada ya shule au maneno ya bosi. Akigundua hivyo, huirudisha taratibu. Kule kukimbia kwa akili si kushindwa. Kuirudisha ndilo zoezi lenyewe.

Ndiyo maana kijijini hapo watu hutembea polepole pamoja, wakilinganisha hatua na pumzi, na dakika za mwanzo za mlo hupita kimya. Anayeosha vyombo huosha vyombo tu.

Mwili nao una sehemu yake. Msongo ukipanda, moyo hudunda, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Kupumua taratibu, hasa kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, husaidia mapigo ya moyo kushuka.

Watoto hufundishwa kwa kokoto nne. Ya kwanza ni ua, kwa ajili ya uchangamfu. Ya pili mlima, kwa uimara. Ya tatu maji yaliyotulia. Ya nne nafasi, kwa uhuru. Mtoto huishika kila kokoto na kupumua mara tatu, kisha huihamishia upande mwingine.

Kuna pia mbinu ya keki. Baba na mama wakianza kugombana, mtoto anaruhusiwa kusema kwamba kuna keki kwenye friji. Iwepo au isiwepo, mzazi mmoja hupata sababu ya kuinuka, kwenda jikoni na kupumua, na mwenzake hufuata baadaye. Mtoto amezuia ugomvi bila kumvunjia heshima mtu yeyote.

Kutoka kijijini hadi hospitalini

Tafakuri hii iliingia hospitalini hata kabla ya kijiji kuanzishwa. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Marekani, alianzisha katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, mafunzo ya kupunguza msongo. Walengwa wake walikuwa wagonjwa, wengi wakiwa na maumivu ya muda mrefu. Aliondoa ibada, akabakiza zoezi. Somo moja maarufu ni kula zabibu kavu moja kwa umakini, kama mtu asiyewahi kuiona.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Kundi moja lilipewa mafunzo hayo ya wiki nane, jingine dawa iitwayo escitalopram. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana.

Matokeo hayo yana masharti. Waliofundishwa walihudhuria darasa kila wiki na kufanya mazoezi nyumbani kila siku kwa takribani dakika 45. Pumzi tatu mlangoni hazilingani na hayo, na anayetumia dawa hapaswi kuziacha bila kuongea na daktari. Baadhi ya watu, hasa waliopitia ukatili au ajali mbaya, wakifumba macho kumbukumbu huwajia kwa nguvu. Hao ni vizuri wafanye zoezi macho yakiwa wazi au wakitembea, na wapate msaada wa mtaalamu.

Tafakuri pia hailipi kodi ya nyumba wala kumpunguzia mama zamu ya usiku. Kinachoweza kubadilika ni kile kinachomfikia mtoto jioni. Mara nyingi mtoto anayepigwa kelele kwa sababu ya kumwaga uji analipia deni la ofisini au la barabarani.

Wazazi wengine huuliza kuhusu dini. Plum Village ni makazi ya watawa, na mgeni atakuta nyimbo na sanamu za Kibudha. Hata hivyo, Thich Nhat Hanh aliwahimiza wageni kurudi kwenye mizizi ya imani zao, si kuzihama. Yale ya hospitalini hayana ibada.

Inavyowezekana nyumbani

Mzazi hahitaji tiketi ya ndege. Anaweza kuanza na haya:

Achague kengele yake. Inaweza kuwa adhana, kengele ya shule ya jirani au simu yenyewe. Ikilia, avute pumzi tatu kabla ya kuendelea.

Asimame mlangoni. Kabla ya kuingia ndani akitoka kazini, ashike kitasa na kupumua mara tatu, ili anayeingia awe mzazi na siyo hasira za foleni.

Aitikie shikamoo akimtazama mtoto. Simu ibaki mfukoni mpaka "marahaba" iishe.

Aoshe sufuria moja bila redio wala simu, akisikia maji na povu.

Atenge kona. Nyumba ya vyumba viwili inatosha. Mkeka mmoja na mto ni kona. Aliyekasirika, mkubwa au mdogo, akikaa hapo hasemeshwi mpaka ainuke. Isiwe mahali pa adhabu.

Familia ichague maneno yake ya keki. Wasio na friji wanaweza kusema "chai imeiva". Wakubaliane siku ya amani, na mtoto aambiwe wazi kwamba hatapigwa wala kufokewa kwa kuyasema.

Kwa wiki ya kwanza, moja kati ya hayo linatosha.