Tunacheza Kilingala, tunaishi Kiswahili

Huku kwetu Uvira, mtoto wa miaka mitano anaweza kuimba wimbo mzima wa Fally Ipupa bila kukosa neno. Muulize maana yake, atakuangalia kama vile umemuuliza hesabu. Na usimcheke, kwa sababu baba yake pia hajui. Baba anajua bolingo ni mapenzi, motema ni moyo, na masanga ni pombe. Kwa maneno hayo matatu amecheza dansi miaka ishirini, hajapata shida.

Shida inakuja pale maneno yanapofanana. Kwa Kilingala, moto ni mtu. Sisi tukisikia moto, tunatafuta maji. Tata kwa Kilingala ni baba. Kwetu sisi tata ni matatizo (kuna nyumba ambamo tafsiri zote mbili ni sawa, lakini hiyo si kazi ya mwandishi wa habari). Na lobi, wapendwa, ni kesho na pia ni jana. Neno moja! Mtu akikukopa dola kumi akakuambia atalipa lobi, wewe zisahau tu.

Lakini kuna jambo ambalo wenzetu wa Kinshasa labda hawalioni. Huku mashariki, Kilingala hatukusikii kwenye muziki tu. Ni lugha ya askari pia. Mama zetu wakikisikia njiani, mkono unaenda wenyewe kwenye kitambaa kutafuta kadi ya uchaguzi. Saa moja baadaye mama huyohuyo yuko kwenye arusi, anacheza Koffi Olomide mpaka jasho linamtoka. Lugha ileile. Tumejifunza kuiogopa barabarani na kuipenda ukumbini.

Kwa upande mwingine wa ziwa ilikuja filamu. Wale wa umri wangu tunakumbuka nyumba za video, benchi za mbao, jenereta inayopiga kelele kuliko televisheni. Steven Kanumba alikuwa kama ndugu yetu. Alipokufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, kuna watu hapa walilia kama wamefiwa nyumbani. Filamu zake zilituachia ugonjwa mmoja ambao haujapona: kijana wa Uvira akitongoza, anaongea Kiswahili cha Dar. "Nakupenda sana mpenzi wangu, naomba unielewe." Ngoja sasa waoane, wagombane kidogo. Utasikia, "We uko nasema nini? Toka kwangu!" Kanumba amekwenda, Uvira imerudi.

Basi, kati ya Kinshasa na Dar, msanii wetu wa hapa aimbe lugha gani? Swali hili wengi wanalichukulia kama mchezo. Mimi nililiona likila pesa ya watu.

Kijana mmoja wa mji wetu aliniletea wimbo kwenye redio. Mama yake ni mjane, anauza ndagala kando ya ziwa. Zamu yake ya likelemba ilipofika, yule mama alichukua dola 150, hakununua bati, hakulipa deni la duka, alimpa mtoto aende studio. Na mtoto hakuzila. Aliimba, na sauti anayo. Wimbo ulikuwa juu ya mama yake mwenyewe: kuamka saa tisa ya usiku, baridi ya ziwa, mikono inayonuka samaki hata siku ya misa. Maneno mazuri kabisa. Yote kwa Kilingala.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwenye studio alimwambia Kiswahili hakifiki Kinshasa, na wale wa Kiswahili wana Diamond Platnumz tayari, hawahitaji mwingine. Nikamkumbusha Innoss'B, mtoto wa Goma, ambaye mwaka 2019 alitoa Yo Pe pamoja na huyohuyo Diamond, na Kiswahili na Kilingala vikakaa ndani ya wimbo mmoja bila kugombana. Akanijibu, "Kaka, huyo alikuwa tayari mkubwa." Hapo sikuwa na jibu.

Tuliupiga ule wimbo siku ya Jumamosi. Mama alikuwa ameita wenzake wa likelemba, wamekaa nje na redio moja. Alicheza, walimshangilia. Ulipoisha akamuuliza mtoto, "Sasa huyu mwanamke uko unaimba, ni nani?" Alifikiri ni mchumba.

Kijana alinisimulia jambo hilo akicheka, kisha akaacha kucheka.

Mimi sina ugomvi na Kilingala. Lugha hiyo imetupa mengi, hata Watanzania wanajua: Franco alipotoa wimbo wa Mario mwaka 1985, juu ya kijana anayelishwa na mwanamke mkubwa, jina lile lilivuka mpaka likawa neno la Kiswahili. Leo pale Dar ukiitwa mario, umeshatukanwa. Lakini nasi tulikuwa na njia yetu kabla. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipita Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi Jean Bosco Mwenda na gitaa lake akiimba Masanga. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga, kile ambacho watu wa pwani wanakisahihisha kwa kalamu nyekundu, na gitaa lake likasikiwa mpaka Nairobi na mbali zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili chetu hakiwezi kusafiri, namuuliza kama alishawahi kuangalia nyuma.

Kitu kimoja tu cha Kinshasa ambacho ninakichukua chote bila kuchagua ni mabanga. Libanga ni jiwe. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, na mara nyingi mtu huyo amelipa. Kuna nyimbo za mapenzi ambamo waheshimiwa na wenye maduka wametajwa mara nyingi kuliko mpenzi. Watu wanalalamika. Mimi, kila wiki ninasoma kadi za salamu kwenye redio, franka 500 kwa kadi, "namsalimia shemeji, namsalimia mama mkwe na wote wanaonifahamu". Nitamcheka nani? Ni mabanga ya maskini.

Mwezi uliofuata kijana alirudi studio. Safari hii walilipa wale wanawake wa likelemba, kidogo kidogo, wote. Maneno yaleyale, kwa Kiswahili cha hapa, hata "niko naamka" ameiacha ilivyo. Mama yake aliweka sharti moja tu: jina lake litajwe, na la kila mwanamke aliyetoa franka zake. Wako tisa. Wimbo una dakika nne, na karibu dakika moja na nusu ni majina. Mkubwa wangu wa kazi anasema ni mrefu, tukate mwisho. Mimi ninaupiga Jumamosi jioni, yeye akiwa amekwenda kwake, na siukati.