Muswada Kwanza, Tangazo Baadaye

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari huku Izigo, wilayani Muleba, na ni mwandishi ninayeshiriki mashindano ya uandishi yenye zawadi za fedha. Wanafunzi, walimu wenzangu na majirani huniuliza maswali mawili yale yale: mashindano hayo unayapata wapi, na fedha zenyewe zinalipwa kweli? Nitayajibu yote mawili. Lakini lipo jambo linaloyatangulia, nalo ndilo ninalolishuhudia hapa: tangazo la shindano haliandiki kitabu, linamkuta mwenye kitabu.

Kati ya siku tangazo linapotoka na siku ya mwisho ya kupokea kazi hupita miezi michache tu, na riwaya nzuri haipatikani ndani ya muda huo kwa mtu mwenye vipindi darasani, madaftari ya kusahihisha na kibanja cha migomba na kahawa kinachomsubiri nyumbani. Tuchukue Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Kwa miaka mingi imekuwa ikifunga mlango tarehe 1 Novemba. Huku kwetu Novemba ni mwezi wa mitihani ya taifa ya kidato cha nne, tena ni msimu wa senene, familia nzima iko macho usiku kuwakamata. Anayesubiri Oktoba ndipo aanze kuandika atatuma rasimu. Mimi hadithi yangu ya Novemba naitaka iwe imekamilika Julai, ili Agosti na Septemba niiache ipoe, kisha niisome upya kwa jicho la mtu baki.

Sasa nitaje tuzo zenyewe, kwa zile ninazozifahamu vizuri.

Ya kwanza kwa Mtanzania ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kamati yake iliongozwa na Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthiliya ambaye vizazi vya wanafunzi vimemsoma kwa jina la Penina Muhando. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na siku iliyochaguliwa ni tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikapanuka kuingiza nyanja nyingine, zikiwemo hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza aliahidiwa shilingi milioni 10, wa pili milioni 7, wa tatu milioni 5. Kwangu mimi kilicho kikubwa kuliko milioni hizo ni ahadi iliyoambatana nazo, kwamba kazi iliyoshinda ipigwe chapa na ifike shuleni. Mwandishi wa kijijini hakosi kipaji. Anachokosa ni mchapishaji, na baada ya mchapishaji, msomaji.

Ya pili ni Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, ambayo siku hizi inabeba jina la Safal. Ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, kwa lengo la kukuza uandishi katika lugha za Kiafrika. Ilipoanza, jumla ya zawadi ilikuwa dola 15,000 za Marekani, na mshindi wa kwanza wa riwaya na wa ushairi kila mmoja alipata dola 5,000. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya ya Penzi la Damu, na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2017 Dotto Rangimoto alishinda kwa diwani ya Mwanangu Rudi Nyumbani. Mwaka 2018 riwaya ya Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon ikatwaa nafasi ya kwanza, na upande wa ushairi akashinda Mkenya, Jacob Ngumbau Julius, kwa Moto wa Kifuu. Visome vitabu hivi kabla hujatuma chako. Kitabu kilichoshinda kinakufundisha majaji wanathamini nini kuliko tangazo lolote.

Ya tatu ni hiyo ya Jumuiya ya Madola niliyoitaja. Hupokea hadithi ambayo haijachapishwa, ya maneno 2,000 hadi 5,000, na hakuna ada. Mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500, na mshindi mkuu pauni 5,000. Watu wengi hushangaa ninapowaambia kuwa hadithi inaweza kutumwa kwa Kiswahili. Inaweza. Huna haja ya kuilazimisha hadithi yako izungumze Kiingereza ambacho hata wewe mwenyewe hukiamini.

Kwa wanafunzi wa sekondari yapo mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Katika lile la SADC, zawadi za kanda zimekuwa dola 1,500, 1,000 na 750, na chini yake zipo zawadi za ngazi ya taifa. Kwa upande wetu insha hiyo huandikwa kwa Kiingereza, na mada hutolewa mapema. Mwalimu anayesoma haya na hajawahi kuwaambia wanafunzi wake, awaambie wiki hii.

Huwa nawakumbusha vijana kwamba jambo hili si geni wala si la intaneti. Mwaka 1957 na 1958 Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili. Aliyeshinda alikuwa Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, kwa hadithi iliyotoka mwaka 1960 kama kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo wasomaji wa vitabu walimokutana na Bwana Msa, mpelelezi wa kwanza maarufu katika fasihi yetu. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa mwanafunzi Makerere, aliandika kwa ajili ya shindano la ofisi hiyo hiyo muswada uliokuja kuwa The River Between. Mashindano yameijenga fasihi hii.

Nirudi kwenye swali la wapi. Mimi natunza daftari lenye kurasa 12, kila mwezi ukurasa wake. Shindano la kweli hurudi karibu msimu ule ule kila mwaka, kwa hiyo ukilikosa mwaka huu, liandike kwenye mwezi wake na ulisubiri mwakani ukiwa na kazi mkononi. Habari nazipata kwenye magazeti, redioni na kwa waandishi wenzangu, lakini habari hiyo siiamini mpaka nimeifuata hadi kwa mwenye shindano mwenyewe. Picha ya tangazo inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi ni ya mwaka uliopita, na pengine mtu ameibadilisha namba ya simu. Nikienda Muleba mjini au Bukoba, nanunua bando la kutosha, naingia kwenye tovuti ya mwandaaji, nasoma masharti ya mwaka huu mwanzo hadi mwisho, kisha nayanakili kwa mkono.

Utapeli upo, na una alama zake. Ukipongezwa kwa kushinda shindano ambalo hukushiriki, anayekupongeza ni mwizi. Ukiambiwa utume fedha kwenye namba ya mtu binafsi ili "zawadi itolewe", huyo pia ni ndugu yake yule tapeli wa ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tuzo nilizozitaja hapo juu hazimtozi mwandishi. Yapo mashindano ya ng'ambo yanayotoza ada kihalali, lakini mimi siyaingii, kwa sababu mshahara wa mwalimu una kazi nyingine, na kwa sababu milango isiyo na kiingilio inatosha. Mwandaaji wa kweli ana historia: ana majina ya washindi waliopita, ana majaji wanaojulikana, na vitabu vya washindi hao unaweza kuvishika.

Halafu kuna masharti kuhusu haki. Hapa naomba msomaji asome taratibu. Huku Kagera tunaijua butura: mkulima mwenye shida ya fedha anauza kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya chini, na msimu wa mavuno ukifika anasimama pembeni akiangalia wengine wakichuma alichokipalilia. Shindano linalotoa zawadi ndogo na kudai haki zote za kazi zako, hata zile ambazo hazikushinda, ni butura ya muswada. Sharti la kawaida ni mwandaaji kupata haki ya kuchapisha kazi iliyoshinda, mara ya kwanza, kwa namna iliyoelezwa. Ukikuta limeandikwa kwamba kila kinachotumwa kinakuwa mali ya mwandaaji milele, funga ukurasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakutambua wewe kuwa mwenye kazi tangu ulipoiandika, na haki hiyo usiiachie bila kujua umeachia nini.

Kazi nyingi huanguka kabla ya kusomwa, kwa makosa yasiyohusu kipaji. Wakitaka maneno yasizidi 5,000, usitume 5,040. Majaji wengi husoma kazi isiyo na jina, kwa hiyo jina lako lisionekane hata kwenye ukingo wa ukurasa. Wakitaka kazi ambayo haijachapishwa, usiwe umeiweka Facebook. Jina unalojaza lifanane na la kitambulisho na la akaunti ya benki, maana tuzo kubwa hulipwa kwa benki, na herufi moja ikitofautiana malipo yanaweza kukwama. Usitume siku ya mwisho. Huku umeme ukikatika na mnara ukilala, hakuna jaji atakayejua. Mimi hutuma wiki moja kabla, na nakala naiacha kwenye barua pepe yangu, kwa sababu simu huibiwa na kompyuta ya stesheneri si yangu.

Kuna wasiwasi mmoja ninaokutana nao sana kwa vijana wa hapa, nao unaniuma. Wanadhani tuzo za Kiswahili ni za watu wa pwani, kwamba sisi tuliokua tukizungumza Kihaya nyumbani Kiswahili chetu hakitoshi. Nawaonyesha Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu, aliyeandika Ngome ya Mianzi na Moto wa Nyika, na aliyefanya utafiti mkubwa wa tendi za Kihaya zinazoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi. Aliyeufuata utamaduni wa nanga hadi chuo kikuu ndiye huyo huyo aliyekuwa fundi wa Kiswahili. Lugha ya kwanza haikumzuia, ilimlisha.

Nasi tuna ya kusema. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipita kwenye ardhi hii. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na hakuna tarafa huku isiyokuwa na msiba wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na bibi zetu wakalea wajukuu bila wazazi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba tulizojengewa na baba zetu. Bibi aliyelea wajukuu saba kwa ndizi na kahawa yuko jirani yako, na riwaya yake bado haijaandikwa. Kijana wa Izigo akiiga hadithi ya Kariakoo aliyoiona kwenye filamu, anashindana na maelfu wanaoijua Kariakoo kuliko yeye. Akimwandika bibi huyo kwa ukweli, anaandika kitu ambacho jaji hajakisoma.

Je, fedha zinalipwa? Zinalipwa. Niliwahi kushika nafasi ya tatu katika shindano dogo la insha, na fedha ile ilininunulia sola inayoniwezesha kuandika usiku. Lakini sitamdanganya mtu: mara nyingi utatuma na jina lako halitatajwa. Ndiyo maana muswada lazima uwe na thamani nje ya shindano. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda alikataliwa riwaya yake na wachapishaji wa Uingereza. Mwaka 2013 muswada huo huo ukashinda shindano la miswada la wachapishaji wa Kwani? wa Nairobi, ukawa kitabu kiitwacho Kintu, na leo kinasomwa duniani kote. Mwaka uliofuata akashinda Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Waliomkataa hawakuupunguza muswada chochote. Ulikuwa umekamilika, ukisubiri mlango wake.

Kazi isiyoshinda naipa mwezi mmoja wa mapumziko, naisoma tena, narekebisha ninachokiona, kisha naiandika kwenye ukurasa wa shindano linalofuata. Katika klabu yetu ya uandishi, Ijumaa baada ya vipindi, sharti ni moja: hakuna anayeuliza habari za tuzo kabla hajasoma mbele ya wenzake ukurasa alioandika wiki hiyo. Ukurasa mmoja kwa wiki ni kurasa zaidi ya 50 kwa mwaka, na kurasa 50 ni diwani, ni tamthiliya, ni mwanzo imara wa riwaya. Mwanafunzi anayeanza leo kidato cha kwanza atamaliza kidato cha nne akiwa na kitabu kizima mkononi. Tangazo litakapotoka, yeye atahitaji kusoma masharti tu.