Kutoka Tui la Nazi hadi Mkeneko: Kiswahili katika Maabara ya Kemia

Yapo madai ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeyasikia hadi tumeyazoea: kwamba lugha yetu ni ya mashairi, siasa na mahubiri, wala haiwezi kuvuka kizingiti cha maabara. Mimi nimezaliwa na kulelewa Changamwe, mahali ambapo kemia haikuwa somo la darasani tu bali ilikuwa jirani yetu. Kwa sababu hiyo madai hayo hunigusa kwa namna ya pekee, na ningependa kuyajibu kwa mambo niliyoyashuhudia.

Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kwa miaka hamsini wenyeji waliishi karibu na minara yake, lakini wengi wetu hatukujua kilichotendeka ndani. Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mafuta ghafi yalipashwa moto hadi sehemu yake kubwa ikawa mvuke, na mvuke ukapanda ndani ya mnara. Vilivyo vizito viligeuka kuwa viowevu chini, palipo na joto kali. Vilivyo vyepesi vikaendelea kupanda hadi juu, palipo na joto dogo. Hivyo dizeli, mafuta taa na petroli vikaachana, kila kimoja kwa daraja lake. Huo ndio mkeneko. Kitenzi keneka kimo katika kamusi zetu, ila tunaokitumia ni wachache. Kiwanda kilijua kutenganisha, lakini hakikuwa na mtambo wa kuvunja molekuli nzito ziwe nyepesi. Hiyo ni miongoni mwa sababu zilizokifanya kishindwe kushindana na mafuta yaliyosafishwa ng'ambo.

Mdogo wangu alikwenda chuo kikuu kusomea kemia ogania, hasa usanisi, yaani uundaji wa molekuli mpya kutokana na nyingine. Likizo moja mama alimwuliza, "Hebu niambie mwanangu, huko maabara mwafanya nini hasa?" Alianza kwa Kiswahili, na baada ya maneno machache akahamia Kiingereza. Mama akasema, "Haya, Mungu akusaidie," akaendelea kukuna nazi yake. Nilihuzunika. Mzazi aliyelipa karo alinyimwa habari za kile alichokilipia, na aliyemnyima hakuwa na nia mbaya. Alikosa maneno tu.

Nikamwomba ndugu yangu anieleze mimi kwanza, kisha tumweleze mama pamoja. Alisema kwamba mmenyuko ukiisha, kitu kinachotakiwa huwa kimechanganyika na visivyotakiwa. Hutiwa kiyeyushi, mchanganyiko ukatikiswa, kisha tabaka zikatengwa. Kanuni ni kwamba kiyeyushi kikigawanywa na kutumiwa mara tatu, kidogo kidogo, hutoa kingi zaidi kuliko kikimiminwa chote mara moja. Mama akacheka. "Si tui hilo? Wakamua la kwanza, watia maji tena, wakamua la pili. Ukitia maji yote mara moja, nazi waitupa na utamu wake."

Mazungumzo yakafunguka. Tukafika kwenye mkeneko wa kanieneo ndogo. Molekuli nyingi zinazoundwa maabarani huharibika kwa joto kabla ya kuchemka. Kwa hiyo hewa hufyonzwa kutoka kwenye chombo, nazo zikachemka kwa joto dogo zaidi. Mfano tulio nao ni Nairobi. Kwa kuwa mji huo uko juu sana kuliko usawa wa bahari, maji huchemka huko katika nyuzi 94 hivi, ilhali hapa pwani huchemka katika nyuzi 100. "Ndiyo maana maharagwe ya huko hukawia kuiva," mama akasema. Hakuwa amesoma fizikia, lakini alilifikia tokeo la kanuni kabla yetu.

Tangu siku hiyo nimeitazama istilahi kwa jicho jingine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Chukua neno kanieneo: kani iliyogawanywa kwa eneo. Fasili ya mwanafizikia imo ndani ya jina lenyewe, na mwanafunzi anayelijua jina amekwisha kuipata nusu ya somo. Chukua kichocheo, kile kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Aliyewahi kuchochea moto jikoni hahitaji kuanza kutoka sifuri.

Sidai kwamba njia ni nyoofu. Hapa Kenya tumezoea shinikizo mahali ambapo Watanzania husema kanieneo, na mtoto anayekutana na majina mawili ya kitu kimoja huchanganyikiwa. Aidha si kila kitu lazima kibuniwe upya. Kromatografia imetoka Ulaya, na ikivaa irabu zetu haitudhuru. Tatizo kubwa ni kwamba istilahi zimelala kamusini, hazisemwi.

Kwa hiyo wito wangu kwa wanachama wenzangu ni huu. Kila mmoja wetu aketi na mwanafunzi mmoja wa sayansi, waandike kwa Kiswahili hatua za jaribio moja tu, kisha wamsomee mzazi ambaye hakusoma kemia. Asipoelewa, walaumu maandishi yao kabla ya kuilaumu lugha, wayaandike upya.