Mlango wa Maktaba

Mwalimu mstaafu akifika mji wa watu hutafuta nyumba ya vitabu kama mkulima atafutavyo kuona shamba la mwenzake. Nilipotoka hapa Kitangari kwenda Nairobi kumtembelea jamaa yangu, niliomba nipelekwe Maktaba ya McMillan, jirani na Msikiti wa Jamia.

Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan alilijenga kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Limejengwa kwa mtindo wa mahekalu ya Wayunani wa kale: ngazi pana, nguzo ndefu zilizojipanga mbele, na sanamu za simba wawili mlangoni. Ukilitazama unajua lilikusudiwa kudumu. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika alizitazama nguzo zile kutoka barabarani. Baadaye lilifunguliwa kwa watu wote, likawa maktaba ya jiji, na matawi yake yako Kaloleni na Makadara, mitaani kwa wananchi wa kawaida.

Nilisimama ngazini nikaona uchungu kwa ajili ya wale waliozuiwa. Mara nikalikumbuka kabati.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, maktaba yetu ilikuwa kabati moja la mninga, ofisini kwangu, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Sisi wa uwanda wa Makonde tumekulia shida ya maji; mama zetu waliteremka mabondeni kuyafuata, na kilicho adimu tulifundishwa kukitunza. Nami nikavitunza vitabu. Kijana mmoja aliniomba kimoja mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, utakichafua." Akamaliza shule, akaenda zake. Siku nilipoifungua rafu ya chini, mchwa walikuwa wamekwisha kula kila kitu, wamebakiza majalada.

Pale Nairobi watu walizuiwa na serikali nzima ya kikoloni. Kwangu ilitosha kufuli moja, tena kwa nia njema.

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa vitabu, hata viwe kumi tu, usihofu vitachakaa mikononi mwa watoto. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Vyangu vilikwisha vikiwa vipya.